Muulize Beki: mshahara wa miezi mitatu, wakala wa laki sita na winga mwenye mbio

Minada ya korosho imeanza, watu wana vocha kwenye simu, na meseji zenu zimemiminika kuliko mwezi uliopita. Nimechagua saba. Walioniuliza nani atachukua ubingwa msimu huu wanisamehe, mimi nilikuwa beki, nililipwa kuzuia, si kutabiri. Kwa wageni wa safu hii: ni mzaliwa wa Mtwara, nimecheza namba 4 na namba 5 kwenye timu nyingi za ligi kuu na daraja la kwanza, na hakuna hata moja iliyoniaga kwa sherehe.

*Shikamoo mjomba. Nina miaka 23, beki wa kushoto, nacheza timu ya Championship, ligi ya chini ya ligi kuu, huku mikoa ya juu. Nilisaini miaka miwili na huu ndio msimu wa kwanza. Mshahara mwezi wa tatu sasa haujaingia. Viongozi wanasema tuvumilie, mfadhili yuko njiani. Kuna timu inaniita dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu. Niondoke tu?*
Mpwa wako wa Masasi, niko kambini

Marahaba mpwa wangu. Mfadhili huyo namfahamu. Kila timu niliyopita alikuwa njiani, na nadhani mpaka leo hajavuka Chalinze.

Kabla ya habari za kuondoka, nakala ya mkataba unayo? Siulizii ile picha ya siku ya kusaini, umeshika kalamu na skafu shingoni. Nauliza karatasi zenyewe, kurasa zote, zenye sahihi na muhuri. Kuna timu moja tulisaini nakala tatu tatu, katibu akazikusanya zote, akasema zinakwenda TFF, shirikisho la soka, na zetu zitarudi. Hazikurudi. Tulipoanza kudai, kila mtu akawa anataja kiasi anachokumbuka, na klabu nayo ikawa na kumbukumbu zake. Aliyenusurika ni beki mwenzangu mmoja, mtu wa Songea, mkimya sana, ambaye kabla ya kurudisha karatasi zake alizitandaza juu ya godoro akazipiga picha ukurasa mmoja mmoja, kwa simu iliyopasuka kioo. Yeye alilipwa. Sisi tukaambiwa tulete ushahidi.

Kama nakala unayo, una pa kusimamia. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 14bis kilichoingia mwaka 2018, zinasema klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili bila sababu ya kisheria, mchezaji ana haki ya kuvunja mkataba. Ila uanze kwa kuiandikia klabu kwamba unaidai, na uipe siku zisizopungua 15 ilipe. Wewe wa miezi mitatu kipimo umekivuka, lakini kama hujaandika, hizo siku 15 hazijaanza kuhesabiwa. Kumnong'oneza meneja kwenye basi hakuhesabiki. Kulalamika kwenye grupu la WhatsApp la timu ndiyo kabisa.

Barua haitaki Kiingereza wala maneno mazito. Jina lako, tarehe ya mkataba, mshahara wa mwezi, miezi unayodai kwa majina yake, jumla ya fedha, namba ya akaunti, kisha sentensi moja: nawapa siku 15 kuanzia tarehe ya barua hii. Itume kwa barua pepe ya klabu ili tarehe ibaki, na nyingine ipeleke kwa mkono, umwombe katibu agonge muhuri kwenye nakala yako. Akikataa usigombane naye, barua pepe ipo. Taarifa ya benki inayoonesha akaunti kavu iambatanishe.

Ndani ya siku hizo nenda mazoezini kila siku, kwa saa ile ile, hata wakikuweka uzunguke uwanja peke yako. Vijana wengi hupotezea kesi hapa. Anapeleka barua leo, kesho anapanda basi kurudi nyumbani, na klabu inapata cha kuandika: mtoro. Siku zikiisha bila malipo unaandika barua ya pili ya kuvunja mkataba, na madai yako yanakwenda TFF, kwenye kamati inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji, maana wewe ni Mtanzania na klabu ni ya hapa hapa. Chama chetu cha wachezaji, SPUTANZA, nacho kipigie hodi. Klabu kadhaa za nchi hii zimeshafungiwa kusajili kwa madeni ya wachezaji na makocha, kwa hiyo barua yako si ya kuchekwa.

Hiyo timu inayokuita, usisaini kwao, usipige picha na jezi yao, na ile wanayoiita nauli usiipokee. Mwenye mkataba anaruhusiwa kusaini kwingine pale tu unapokuwa umekwisha au umebakiza miezi sita au pungufu. Wewe bado una msimu na zaidi. Ukisaini leo, mdaiwa unakuwa wewe.

*Mjomba, mimi ni beki wa kati ila mfupi, sijafika hata mita 1.75. Kocha wa wilaya anasema nibadilishe namba. Unasemaje?*
Kijana, Tandahimba

Fabio Cannavaro hajafika mita 1.80. Alikuwa nahodha wa Italia iliyochukua Kombe la Dunia 2006, akapewa na Ballon d'Or mwaka huo huo akiwa beki wa kati. Ndilo jina tulilompa Nadir Haroub wetu wa Yanga na Taifa Stars. Mfupi anaruka mapema na anaugusa mpira kabla ya mrefu hajanyoosha shingo. Ila kama kuruka hujui na hutaki kujifunza, msikilize kocha wako.

*Mjomba, sisi tuliokuwa tunakuja uwanja wa Nangwanda kukuona, tulikuwa tukikuzoea kwenye jezi moja, msimu ujao uko na nyingine. Mara kusini, mara ziwani. Ilikuwa tamaa ya fedha au ulikuwa hukai na watu?*
Shabiki wa zamani, Mtanda, Lindi

Ningekuwa na tamaa ningekuwa mshambuliaji, ndugu yangu.

Soko la beki wa daraja langu liko hivi. Mshambuliaji akifunga mabao kumi anapewa miaka mitatu. Beki aliyezuia mabao kumi hakuna aliyeyahesabu, kwa hiyo anapewa mwaka mmoja, au pungufu ya mwaka mradi mkataba ufike mwisho wa msimu. Ligi ikimalizika unakabidhi godoro na funguo. Mwezi mzima uko nyumbani, simu ipo kwenye chaji muda wote. Kisha siku moja katibu wa timu fulani anapiga: "Uko fiti? Njoo na vyeti vyako." Unakwenda. Kocha aliyekutaka anaweza kufukuzwa kabla ya Krismasi, na anayekuja anakuja na mabeki wake wawili anaowaamini. Simlaumu, na mimi nimewahi kuwa mmoja wa wale wawili.

Halafu kuna kushuka daraja. Ndanda yetu ilipanda ligi kuu mwaka 2014, watu wa Mtwara wakalala na jezi. Msimu wa 2019/20 ikashuka pamoja na Lipuli, Alliance na Singida United, timu nne kwa mkupuo, mwaka wa corona. Hebu fikiria wachezaji wa timu nne wanatafuta kazi mwezi mmoja. Aliyeonekana msimu uliofuata na jezi nyingine utamwita msaliti? Alikuwa na kodi ya nyumba.

Ugeni kwetu ni sehemu ya kazi. Beki anayefika timu mpya wiki mbili kabla ya ligi hana muda wa kupendwa, anatakiwa aeleweke. Mimi mtu wa kwanza kumtafuta alikuwa kipa. Si nahodha wala kocha. Namfuata chumbani, namuuliza: mpira wa juu ukija kwenye boksi unasemaje? Kuna kipa anayesema "wangu", kuna anayesema "nimo", na mmoja wa Kigoma alikuwa anapiga mluzi tu. Ukilikosea hilo mechi ya kwanza, wewe unaruka, yeye anaruka, mpira unaangukia nyuma yenu, na redioni wanalitaja jina lako kwanza. Baada ya kipa namtafuta namba 6, nimuulize anapenda kupewa mpira mguu gani. Hapo nimeshakuwa mwenyeji.

Mtu wa tatu ni mtunza vifaa. Nyumbani nilikuwa siondoki bila korosho zilizobanguliwa na kukaangwa, na mfuko wa kwanza ulikuwa wake. Mnaocheka hamjawahi kupewa soksi mbichi saa 10 jioni kule Iringa mwezi wa sita.

Na safari jamani. Timu ya kusini inapokwenda Bukoba kucheza na Kagera Sugar pale Kaitaba ni karibu kilomita 2,000 za basi kwenda peke yake. Zamani, kipande cha Ndundu hadi Somanga kilipokuwa bado hakijapata lami, mvua ikinyesha mnashuka wote, wachezaji, kocha na daktari, mnasukuma. Unafika umevimba miguu, kesho yake unamkaba kijana aliyelala kwake. Timu za mikoani zikipoteza ugenini watu wanasema hazina viwango. Waje wapande lile basi kwanza.

Kuhama kwenyewe si dhambi. Erasto Nyoni alitoka Azam akaenda Simba, akaja Namungo hapo Ruangwa, na kila alikokwenda alichezeshwa popote penye tundu, beki ya pembeni, ya kati, hata kiungo. Tarehe 24 Machi 2019, Taifa Stars ilipoifunga Uganda 3-0 na kwenda AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980, Simon Msuva alifunga la kwanza, Nyoni akafunga kwa penalti, Agrey Morris akamalizia. Mabao mawili kati ya matatu ni ya watu wa nyuma. Wanaouliza mabeki wanafanya nini uwanjani nawaombea waitafute mechi ile.

Kuhusu kukaa na watu, nakushauri uwaulize watunza vifaa.

*Mjomba, ni kweli hata ligi kuu kuna kamati ya ufundi, ile ya mambo ya waganga? Timu yetu ya kijiji imetuchangisha elfu tano tano tumlete fundi kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Nikikataa wanasema naihujumu timu.*
Nachingwea

Kweli tupu. Ndiyo maana mara kwa mara unasikia Bodi ya Ligi imeipiga timu faini kwa kukataa kuingia chumba cha kubadilishia nguo au kupita mlango usio rasmi. Unadhani watu wazima wanauogopa mlango bure?

Mimi nimeyapita yote. Nimelala kambini tumegeuzwa vichwa upande mmoja, nimeingia uwanjani basi likirudi kinyumenyume. Kuna mechi tuliambiwa geti lina kitu, tukapandishwa ukuta. Winga wetu, kijana mfupi, akajichuna ugoko kwenye vipande vya chupa vilivyopachikwa juu ya ukuta, akacheza na damu kwenye soksi mpaka dakika ya ishirini akatolewa. Fundi akatangaza kuwa hiyo ndiyo kafara yenyewe, tusiwe na wasiwasi. Tulitoka sare tasa, na winga wetu tukamkosa kwa mwezi mzima.

Kwenye kikosi cha watu 22, elfu tano tano ni laki moja na elfu kumi. Kanunueni mipira miwili, bandeji na barafu. Wakikuita mhujumu, jitolee uwe mtunza fedha wa hiyo mipira, uone nani atakayekupinga na kwa nini.

*Kaka yangu, mimi ni mama, mkulima. Mwanangu ana miaka 16, anacheza beki na kila mtu anamsifu. Amekuja mtu anajiita wakala, anataka laki sita za fomu, vipimo na pasipoti ampeleke majaribio nje ya nchi. Anasema nafasi zinajaa, na anajua mnada wetu wa korosho umepita. Nifanyeje?*
Mama, Newala

Dada yangu, usitoe. Hata mia.

Hapo aliposema anajua mnada umepita ndipo alipojivua nguo mwenyewe. Watu hawa kalenda yao ni ya TANECU, ushirika wa wakulima wa korosho. Miezi ya njaa huwaoni, malipo yakianza kuingia wamejaa stendi na fulana za klabu za Ulaya.

Kijana wa miaka 16 haruhusiwi kuhamia klabu ya nje. FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, na milango michache iliyoachwa wazi, kama vile wazazi kuhamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira, haikuhusu wewe uliye na mikorosho yako Newala. Kwa hiyo hata bwana huyo angekuwa na nia njema, hana pa kumpeleka.

Wakala wa kweli anajulikana. Tangu mwaka 2023 FIFA inamtaka afaulu mtihani na awe na leseni, na majina yao yanatafutika kwenye tovuti ya FIFA. Mwombe jina lake kama lilivyo kwenye leseni, mpe mwalimu wa shule alitafute kwenye simu. Atakwambia leseni ni ya bosi wake. Mwombe na la bosi. Utaona atakavyokumbuka kwamba ana safari. Halafu wakala anakula asilimia ya mkataba mchezaji akishasaini na kuanza kulipwa, hali kwa mama wa mchezaji kabla hata ya majaribio. Mimi mawakala niliofanya nao kazi walinikopesha nauli. Walizikata baadaye, tena kwa ukali, lakini walitangulia kutoa wao.

Unachoweza kufanya kwa fedha ndogo ni hiki. Cheti chake cha kuzaliwa cha RITA kiwepo, na tarehe iwe ya kweli. Watakuja watu kumshauri ajipunguze miaka, wakatae, kwa sababu umri wa kughushi unakuja kumfunga mchezaji siku anayoitwa mahali pazuri. Abaki shuleni acheze UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, makocha wengi huenda kuwatazama vijana pale. Ahakikishe timu anayochezea hapo Newala imemsajili rasmi TFF. Siku akiuzwa kweli, FIFA ina fidia ya mafunzo na mgao wa asilimia 5 ya ada ya uhamisho kwa klabu zilizomlea toka miaka 12, na timu ya kijijini isiyo na kumbukumbu za usajili huambulia pongezi tu. Zile laki sita nunulia salfa ya mikorosho, na ikibaki chenji mnunulie kijana njumu na vilinda ugoko.

*Coach, mimi nacheza namba 2, beki wa kulia, kwenye ndondo, mechi za mtaani. Kuna winga wa Magomeni ana mbio, ananipita kila mechi mpaka watoto wananizomea. Nimeanza kufanya mazoezi ya kukimbia lakini bado. Nimkabe vipi?*
Mikindani

Swali hili ningelijibu gazeti zima.

Mbio za mtu hazizuiwi kwa mbio. Ukishindana naye kukimbia unacheza mchezo anaoupenda yeye. Mnyime nafasi ya kuzitumia. Winga aliyepokea mpira amekupa mgongo, na wewe uko karibu kiasi cha kumsikia anavyohema, hana mbio zozote. Basi mpira ukitoka mguuni mwa mpasiaji, nawe toka. Mabeki wengi wa ndondo wanasimama kuutazama mpira unavyosafiri, winga anapokea, anageuka, ndipo beki anaanza kukimbilia. Kwa kiwanja cha mchanga kama chenu, ambapo hatua ya kwanza inazama, hapo umeshachelewa.

Ukiwa umechelewa kweli na ameshageuka, usimvamie. Simama kama hatua mbili mbele yake, goti limekunjika, kisigino kimeachia ardhi kidogo, mwili umekaa upande. Ukisimama umemkabili kifua kwa kifua atakupiga tobo au atakupita popote anapotaka. Ukikaa upande umemchagulia njia. Mchagulie ya nje. Akienda nje atapiga krosi, na krosi ina wenyewe, kuna beki wa kati na kipa wanaoisubiri. Akiingia ndani ni shuti, na hapo hakuna wa kumlaumu ila wewe. Macho yaweke kwenye mpira. Akicheza mabega, akizungusha mguu, akikuangalia usoni, mwache amalize ngoma yake. Mpira ukimtoka mguuni nusu hatua, huo ndio wako.

Na mchunguze. Mechi moja pale Mkwakwani, Tanga, nilipelekwa pembeni kwa sababu beki wetu wa kulia alikuwa na kadi. Winga wao alikuwa kijana mwepesi hasa, kipindi cha kwanza alinipita mara mbili, mara ya pili nikala nyasi. Baadaye nikaona kitu. Akitaka mpira wa mguuni, alisimama tu na mkono juu. Akitaka wa kukimbilia nyuma yangu, aliinama kwanza akavuta soksi ya kushoto. Sijui kama mwenyewe alijua. Kipindi cha pili kila alipogusa soksi, mimi nilirudi hatua tatu kabla kiungo wao hajainua kichwa. Mpira unakuja, unanikuta nimekaa. Dakika ya sabini wakamtoa, akawa anatoka huku anaangalia benchi lao kama wao ndio waliomroga.

Jambo jingine, ongea. Wewe namba 2 usikabe peke yako wakati kuna namba 4 pembeni yako. Mwambie "nifunike", naye asogee hatua nne tano nyuma yako kwa ndani. Winga akijua nyuma yako kuna mtu, nusu ya hamu ya kukupita inamwisha. Namba 4 akiwa bubu, mpe maneno makali mapumzikoni, mbele ya watu.

Rafu nayo ina mahali pake. Katikati ya uwanja, akianza kushika kasi, mguse bega mapema, faulo ndogo, omba radhi, rudi. Ukingoja afike kwenye boksi umekwisha. Tangu sheria zilipobadilishwa mwaka 2016, ukimwangusha ndani ya boksi mtu anayekwenda kufunga, hali ulikuwa unaugombea mpira kweli, ni penalti na njano. Ukimvuta jezi au kumsukuma, ni penalti na nyekundu. Mikono irudishe nyuma, mpwa. Najua refa wa ndondo wa Mikindani hajali yote hayo, lakini jizoeze, hujui nani amekuja kutazama.

*Shemeji, mume wangu ni beki, yupo mkoa wa mbali, ana miaka 33. Goti linamvimba kila baada ya mechi, ananitumia picha amelizungushia barafu. Nikimwambia arudi anasema bado misimu miwili. Fedha zinakuja zikipatikana. Tuna watoto wawili. Nimwambie nini atakachosikia?*
Mke wa mchezaji, Mtwara mjini

Shemeji, goti linalovimba kila baada ya mechi limeshasema, ila mwenye goti ndiye wa mwisho kusikia. Usimwambie aache. Mchezaji akiambiwa aache anaongeza msimu kwa ubishi. Mwambie aende akapigwe picha ya MRI, si eksirei tu, maana eksirei inaonesha mfupa na shida za goti kwa mabeki mara nyingi ziko kwenye gegedu na ligamenti. Kama ni sindano tu anachomwa ili acheze Jumamosi, amuulize daktari jina la dawa na ameshachomwa ngapi. Akikosa jibu, arudi nyumbani kwa wiki moja akapimwe na mtu asiyelipwa na timu.

Pili, mwombe namba yake ya uanachama wa NSSF, kisha mwende pamoja ofisini kwao hapa Mtwara atakapokuja. Mchezaji mwenye mkataba ni mwajiriwa. Michango ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri anachangia na mchezaji anachangia, na pensheni inataka michango ya miezi isiyopungua 180. Sisi tunaohama hama tunaachwa na mapengo: timu hii ilichangia, ile ilikata kwenye mshahara lakini haikupeleka. Pengo likidaiwa wakati klabu bado ipo, kuna wa kumkamata. Klabu ikishakufa na katibu amehamia biashara ya ufuta, hakuna.

Kuhusu hiyo misimu miwili, mpe kitu cha kufanya ndani yake. Beki wa miaka 33 anaujua mchezo kuliko makocha wengi wa vijana wa mkoa huu, alichokosa ni cheti. Aanze kozi za chini za ukocha za TFF akiwa bado anacheza, kabla watu hawajamsahau jina. Timu za shule na za mitaa hapa zinatafuta mtu wa kuwafundisha watoto kukaba, maana kila anayekuja anataka kufundisha chenga. Fedha haitakuwa ya ligi kuu, lakini atakuwa anakula chakula chako.

Akirudi mwisho wa msimu mwambie anipitie dukani kwangu Chikongola, tutafuatilia fomu pamoja. Aje na cheti cha kidato cha nne na picha mbili za pasipoti. Ijumaa asije saa saba, nakuwa msikitini.